Mlango wa Kigeuzi Sauti: Kukuza au Kupunguza? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizifuata nambari za muziki kutoka kwenye flashi hadi ndani ya kigeuzi, kile kipande kinachozigeuza kuwa umeme. Leo tunasimama mlangoni pake, umeme huo unapotoka kuelekea kwenye amplifaya. Fundi anayejiundia mtambo Homa Bay, Mbita au Oyugis mara nyingi hufikia hapo akiwa na swali moja tu: nitaongezaje sauti? Basi huweka op-ampu ya kukuza mara tano au kumi, akiamini kwamba nguvu ya spika huanzia hapo. Naona swali lenyewe limegeuzwa. Katika mtambo mdogo unaotumia betri ya sola, mlango wa kigeuzi hauhitaji kukuza chochote. Unahitaji kupunguza, na kuchuja papo hapo.

Hesabu ndiyo shahidi. Kigeuzi PCM5102A, ambacho kimeenea katika vibao vya bei nafuu, hutoa volti 2.1 muziki unapofika kileleni. Upande wa pili chukua amplifaya ya TDA2003, iliyobuniwa kwa redio za magari na inayokubali betri ya volti 12 bila shida. Kwa betri hiyo haiwezi kuipa spika zaidi ya takribani volti 3 kabla sauti haijaanza kupasuka, na sakiti yake ya kawaida hukuza mara 100. Gawa 3 kwa 100: inatosheka na volti 0.03. Kigeuzi basi kinailetea mara 70 ya kile inachoweza kumeza, hata kabla ya fundi kuongeza op-ampu yake. Matokeo yake yanajulikana na kila anayekodisha vyombo vya harusi na matanga: ukigusa kitufe cha sauti tu, spika zinapiga kelele, na sehemu yote iliyobaki ya mzunguko wake haina kazi. Tena pale chini kabisa ndipo njia mbili za kitufe zinapotofautiana zaidi, hivyo spika moja huizidi nyingine.

Wapo watakaosema kwamba sauti ipunguzwe kwenye simu inayocheza muziki, yaishe. Lakini simu nyingi hupunguza kwa kuzifinya nambari zenyewe. Mara 70 ni karibu desibeli 37, na kila desibeli 6 hula biti moja. Muziki wa biti 16 unabaki na kumi hivi, huku kelele za kigeuzi na za amplifaya zikibaki zilivyokuwa. Rezista mbili zikikaa baada ya kigeuzi, hupunguza muziki pamoja na kelele za kigeuzi kwa kiwango kilekile. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la nyimbo za zamani. Benga za Shirati Jazz zilizonakiliwa kutoka kwenye santuri mara nyingi zina sauti ya chini, na mpenzi wake ana haki ya kuzisikia. Tuseme kilele chake kiko desibeli 12 chini: zile volti 2.1 zinakuwa 0.53, ambazo bado ni zaidi ya mara 17 ya mahitaji. Kwa hiyo tuache akiba, tusikuze. Rezista ya ohmu 10,000 ikifuatwa na ya ohmu 680 kwenda chini hutoa volti 0.13 hivi, na akiba ya desibeli 13 inabaki.

Sasa chujio. Sidi, tangu 1982, huhifadhi vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kigeuzi huacha nakala za muziki juu ya upeo wa masikio yetu. PCM5102A huongeza vipimo mara nane, hivyo nakala zilizobaki na nguvu huhamia karibu na kilohatsi 352.8. Kama masikio hukomea kilohatsi 20, tunahangaikia nini? Tunahangaika kwa kuwa amplifaya huzipokea nazo, na isipozifuata barabara huzichanganya: mawimbi ya kilohatsi 352 na 353 yakigongana humo huzaa moja la kilohatsi 1, katikati kabisa ya sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana chujio hutangulia ukuzaji. Kapasita ya nanofaradi 2.2 ikishikizwa sambamba na ile rezista ya ohmu 680 huanza kukata karibu na kilohatsi 114. Nakala zinapungua kwa desibeli 10, ilhali pale kwenye kilohatsi 20 tunapoteza desibeli 0.13 tu.

Usishawishike kuteremsha chujio hadi kilohatsi 20 ili "kusafisha" zaidi. Chujio la namna hii likikata hapo, tayari limekula desibeli 1 kwenye kilohatsi 10, na linapokata linapunguza 3. Sikiliza rekodi nzuri ya nyatiti: kando ya nyuzi nane kuna pete ya chuma ya oduong'o inayogonga ubao kutoka kwenye kidole cha mguu, na njuga za gara zinazotikisika mguuni. Ukali wa chuma hicho uko juu kabisa, na ndio wa kwanza kufifia. Kwa anayetumia kigeuzi cha zamani cha TDA1543 kisichoongeza vipimo, hesabu hubadilika: nakala huanzia karibu na kilohatsi 24, na kigeuzi chenyewe hupunguza desibeli 3 hivi kwenye kilohatsi 20, kwa hiyo kapasita moja haitoshi. Hicho, pamoja na namna ya kukilisha umeme safi kutoka kwenye chaja ya sola, tutakishughulikia katika sehemu ya tatu.