Zaka ni Shauri la Nyumba Nzima

Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa nchini, mwisho wa mwezi huleta swali ambalo baba na mama hawapendi kulitamka: je, fungu la kumi litolewe kabla ya ada ya shule na unga, au baada yake? Swali hilo si dogo. Limekwisha kuzusha ugomvi baina ya watu wanaopatana katika mambo mengine yote.

Zamani huko Ulaya jambo hili halikuwa la hiari. Nchini Uingereza zaka ilidaiwa kwa sheria, na mkulima alitoa sehemu ya nafaka na mifugo yake, hadi sheria ya mwaka 1836 ilipoyageuza malipo hayo kuwa fedha, na sheria ya mwaka 1936 ikaanza kuyakomesha. Wafaransa waliifuta zaka katika mapinduzi ya mwaka 1789. Kwetu sisi serikali haikusanyi zaka kwa niaba ya kanisa lolote. Kwa hiyo makanisa hayana budi kutegemea mafundisho na ushawishi.

Ushawishi huo una njia nyingi. Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, hutofautisha zaka na sadaka. Zaka hupelekwa ngazi za juu kwa ajili ya watumishi wa Injili, na sehemu ya sadaka hubaki kulisaidia kanisa la mahali. Muumini huandika mafungu yake juu ya bahasha, naye mhazini humpa stakabadhi. Katika sharika nyingi za Kilutheri muumini ana bahasha yenye namba yake. Na baada ya ibada, kuku, mayai na ndizi zilizotolewa hunadiwa nje ya kanisa, hata asiye na mshahara naye akapata cha kutoa. Wakatoliki hukumbushana katika jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo katika mkutano wao wa mwaka 1976. Siku hizi wako pia wanaotuma zaka kwa simu.

Njia hizo ni njema. Lakini husikika pia malalamiko: majina ya wasiotoa kusomwa hadharani, wafiwa kuulizwa kadi ya marehemu kabla ya mazishi, au maskini kuahidiwa utajiri endapo atatoa akiba yake yote. Wahubiri hupenda kukitaja kitabu cha Malaki, sura ya 3, chenye ahadi ya baraka kwa waletao zaka kamili. Ni haki yao. Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, huagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iwalishe pia mgeni, yatima na mjane. Mjane akilala njaa ili jina lake lisisomwe, zaka imekwenda kinyume cha shabaha yake.

Wazazi nao wana wajibu wao. Kwanza, na wajue pato lao halisi. Mama anayeuza maandazi ya shilingi 20,000, baada ya kutumia shilingi 14,000 kwa unga, sukari, mafuta na kuni, amepata shilingi 6,000 tu. Fungu lake la kumi ni shilingi 600, wala si 2,000. Akitoa 2,000 kila siku, punde mtaji utakwisha, na zaka yenyewe itakoma.

Pili, na washauriane. Mume anayetoa kwa siri, kisha akamwambia mkewe kwamba fedha za daftari hazipo, hakutoa mali yake peke yake. Ametoa na jasho la mwenzake bila idhini. Vivyo hivyo kwa mke. Watoto nao waelezwe, ili wajifunze kwamba kutoa ni mpango wa nyumba, si mkumbo wa Jumapili.

Makanisa kwa upande wao yasome hesabu mbele ya waumini kwa bidii ile ile yanayoihimiza zaka: kiasi kilichopatikana, kilichotumika na kilichobaki. Muumini aonaye paa la zahanati limeezekwa kwa mchango wake hahitaji kutishwa. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, pasipo kulazimishwa. Na kusudi hilo ni imara zaidi likiafikiwa na wote wanaokula chungu kimoja.