Madaktari vijana walipodai zamu yao

Je, umewahi kuwa na wazo zuri ukalimeza tu, kwa sababu wakubwa ndio wenye zamu ya kusema? Usijali, hata madaktari yamewakuta.

Twende Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Chama cha madaktari mabingwa kilichoanzishwa mwaka 1885 kilikuwa na nafasi chache. Daktari kijana, hata awe hodari vipi, alisubiri mpaka mzee astaafu au afariki. Na vijana hao walikuwa na hamu ya jambo jipya: kuchunguza ugonjwa wodini na maabara kwa pamoja, kwa vipimo na majaribio.

Nani aliwasikiliza? Mzee! Dk. Samuel Meltzer alikuwa na miaka 56. Mwaka 1907 aliwakusanya vijana, na mwaka 1908 wakaanzisha Chama cha Marekani cha Utafiti wa Tiba. Mwaka 1909 walifanya mkutano wao wa kwanza wa mwaka. Watu wakawapachika jina "Waturuki Vijana", kwa kuwafananisha na vijana wa Uturuki waliodai mabadiliko katika serikali yao miaka hiyohiyo.

Kwa nini kikomo cha umri?

Kijana wa leo ndiye mzee wa kesho. Bila kikomo, waliogombea viti wangevikalia wenyewe wasing'atuke! Ndiyo maana chama kiliweka kikomo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa 45. Baadaye kilisogezwa mbele kidogo, maana masomo ya utafiti yamekuwa marefu.

Kulikuwa na faida gani?

Mwaka 1924 chama kilianzisha jarida lake, *Journal of Clinical Investigation*. Linatoka hadi leo, na tangu 1996 limekuwa kwenye intaneti.

Si kwamba wazee hawafai, la hasha. Mwaka 1909 Meltzer na daktari kijana John Auer walieleza njia ya kupuliza hewa mapafuni kwa mpira unaopitishwa kooni. Njia hiyo iliwawezesha wapasuaji kufungua kifua bila mapafu kusinyaa. Mzee na kijana, maabara moja!

Na wewe je?

Angalia klabu yenu ya sayansi. Mwenyekiti amekaa muda gani? Wa kidato cha kwanza anaruhusiwa kushika vifaa, au kazi yake ni kuosha chupa tu? Kaeni chini, mwandike muda wa uongozi kwenye katiba yenu. Na siku ukiwa mkubwa, mpishe mwenzio.