Liyongo na Kisima

Juzi baada ya swala ya Alasiri alinijia mama mmoja wa Kisauni na mwanawe wa miaka 14. Alikuwa ameona kisu mfukoni mwake. Nilipomuuliza kijana ni cha nini, akanijibu: “Sheikh, mwanamume lazima aogopwe.”

Nikamuuliza ni nani shujaa wa pwani yetu. “Fumo Liyongo,” akasema. Alijua urefu wake, nguvu zake na upinde wake. Yaliyosalia hakuyajua, nami nikamsimulia kama yalivyo katika utenzi alioutunga Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913.

Liyongo alipofungwa na mfalme wa Pate, nguvu zake hazikumtoa. Alimpelekea mamake shairi la fumbo kwa ulimi wa Saada, kijakazi aliyemletea chakula. Mama akafahamu, akaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani. Walinzi wakala vyakula vizuri, wakamwachia wishwa. Usiku, kelele za ngoma ya gungu zikafunika mlio wa tupa. Basi shujaa aliokolewa na subira, ufasaha na wanawake wawili.

Mwisho wake ulitoka nyumbani. Mfalme alimhadaa mwanawe kwa ahadi ya cheo na mke, naye akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hali hiyo. Watu walimdhani yu hai, wakaogopa kuteka maji siku kadhaa. Mji ukakaa na kiu, hata mamake akaombwa aende kumsihi.

Nikamwambia kijana: kuogopwa kumemfaa nani hapo?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba mwenye nguvu si mwangushaji watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Enyi kina mama, mtoto wa kiume akilia, msimwambie amekuwa mwanamke. Nanyi kina baba, ketini na wana wenu kabla hajaketi nao mwenye ahadi na mapanga. Mwana asiyesikia neno jema kwa babake, hulisikia la hila kwa adui.

Kijana hakunijibu. Alimtazama mamake, macho yakamlengalenga, na mama hakumkataza.

Wabillahi tawfiq.