Cheti anacho, fundi wa kumpokea hana

Hakuna chuo cha ufundi stadi kinachomkataza msichana kusomea uashi. Tangu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ianzishwe kwa sheria ya mwaka 1994, karakana zake za umeme, uchomeleaji, useremala na magari zimekuwa wazi kwa wote, na matangazo ya usajili huwahimiza wasichana wajitokeze. Wapo wanaojitokeza, wakasoma, wakafaulu. Lakini pita kwenye saiti za ujenzi za Dodoma au gereji za Dar es Salaam, uwatazame wanawake waliopo. Wengi ni mama ntilie, wabeba maji na vibarua wa kusomba mchanga. Waliosomea waya na matofali wameishia wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wanawake hawapendi kazi ngumu. Jibu hilo halisimami. Kupanda ghorofani na ndoo ya zege kichwani ni kazi nzito kuliko kufunga soketi, na kuponda kokoto juani kunachosha kuliko kunyoosha bodi ya gari. Wanawake wamo kwenye kazi ngumu siku zote. Wanachokikosa ni sehemu ya kazi hiyo yenye ujuzi, na ndiyo yenye ujira.

Ukubwa wa hasara hiyo ulionekana Kampala. Utafiti wa wachumi wa Benki ya Dunia uliotoka mwaka 2015 uliwalinganisha wanawake wenye biashara ndogo katika eneo la Katwe, maarufu kwa kazi za vyuma. Walioingia kwenye fani zilizozoeleka kuwa za wanaume walipata kipato sawa na wanaume wenzao, na takriban mara tatu ya wanawake waliobaki kwenye fani zilizozoeleka kuwa za kike. Tahadhari inahitajika hapa, kwa kuwa mwanamke anayethubutu kuingia kwenye vyuma huenda ana ari ambayo ingemfikisha mbali kokote. Hata hivyo, watafiti walipochunguza kilichowatenganisha wanawake hawa, ujuzi haukuwa sababu kuu. Wengi wa waliobaki hawakujua kwamba fani nyingine zinalipa zaidi. Waliovuka, kwa kawaida, walikuwa na mwanamume wa karibu, mzazi, ndugu au rafiki, aliyewaonyesha kazi na kuwashika mkono.

Jambo hili la kushikwa mkono ndilo kiini cha suala zima, na ili kulielewa inafaa kuona ufundi unavyorithishwa kwetu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hawakupitia chuoni. Walianza kama saidia fundi: kuchanganya saruji, kushika ngazi, kupokeza spana, kwa malipo ya chakula na nauli. Baada ya muda kijana anaachiwa kazi ndogo aimalize peke yake. Kisha siku moja fundi anabanwa, anapigiwa simu na mteja, naye anajibu: "Sipo, ila nakutumia kijana wangu." Siku hiyo kijana amehitimu. Mteja hataomba cheti, kwa sababu jina la fundi limeshamdhamini.

Msichana aliyemaliza chuo hukutana na mfumo huu akiwa hana mlango wa kuingilia. Mvulana waliyesoma naye darasa moja huenda amekuwa akizurura gereji ya mjomba wake tangu utotoni, wakati yeye alikuwa nyumbani akipika na kulea wadogo zake. Wote wawili wana cheti kimoja, lakini mvulana ana fundi.

Kwa nini fundi asimpokee na msichana? Sababu zake zinastahili kusikilizwa kabla hajalaumiwa. Anahofia mteja atatilia shaka kazi, na kosa la mwanagenzi hulipwa na fundi. Anahofia maneno ya mtaani, na pengine ya mkewe, akionekana kila siku na binti kwenye nyumba za watu. Saiti haina choo cha heshima wala pa kubadilishia nguo. Tena anahesabu kwamba akimfundisha kwa miaka miwili, huenda binti akaolewa au akajifungua, na juhudi za fundi zikaishia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, ila ulinzi huo haumfikii kwa vitendo kibarua anayelipwa jioni kwa jioni.

Wazazi nao wana hofu yao, na ni ya haki. Fundi ndiye mwalimu, ndiye mtoa kazi, na ndiye mdhamini kwa wateja. Akigeuka kuwa msumbufu, binti hana pa kulalamika bila kupoteza vyote vitatu kwa mpigo. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini kosa linalotendeka kwenye banda la mtaani, kati ya watu wasio na mkataba, ni gumu kufika polisi au TAKUKURU.

Sasa tutazame misaada iliyopo na mahali inapotua. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo ikiwa ya wanawake. Mkopo huo hupewa kikundi, ilhali mchomeleaji wa kike mwenye kuhitaji mashine mara nyingi yuko peke yake katika kata nzima. Tanzania na Kenya pia hutenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Utaratibu huo unamfaa mwanamke mwenye kampuni. Haumgusi moja kwa moja mwanamke mwenye mwiko, maana kampuni ya mama inaweza kushinda zabuni na kuajiri mafundi wanaume watupu. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza katika baadhi ya sekondari za Tanzania mwaka 2024, una faida iliyo karibu na somo la Katwe: unamkutanisha msichana na randa na multimita mapema, kabla fani hazijagawanywa kichwani mwake. Lakini nao unaishia getini mwa shule.

Hatua zote hizi zinamwandaa msichana au zinampa mtaji. Kati ya hapo pana pengo, na pengo hilo ni fundi. Mkono mtupu haulambwi; anayebeba hasara ya kufundisha anastahili kulipwa kwa kufundisha. Programu za uanagenzi zingeweza kumlipa kwa awamu: sehemu anapompokea msichana, sehemu anapofikia kiwango, na sehemu kubwa zaidi msichana anapopata kazi za malipo kwa mteja. Fundi asiye na cheti angeweza kupewa nafasi ya bure katika urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA, ili kufundisha kumfungulie naye zabuni asizoweza kuzigusa leo. Wasichana wapelekwe wawili wawili kwa fundi mmoja. Maneno ya mtaani hupungua, na usumbufu huwa mgumu kufichwa. Kila mmoja awe na namba ya afisa nje ya banda, mwenye mamlaka ya kumhamishia kwa fundi mwingine bila muda wake wa mafunzo kufutwa.

Kazi za kujifunzia zipo. Fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini Tanzania, kazi nyingi zikifanywa kwa fosi akaunti, yaani kamati za shule na za vijiji kuwatafuta mafundi wa maeneo yao. Kamati inayomchagua fundi inaweza kuandika katika makubaliano yake kwamba aje na wanagenzi wawili wa kike na awape kazi ya ujuzi. Sharti hilo litahitaji mkaguzi. Marekani iliweka mwaka 1978 lengo la asilimia 6.9 ya saa za kazi kwa wanawake katika ujenzi unaogharamiwa na serikali kuu, na hadi leo wanawake katika ufundi wa ujenzi nchini humo ni takriban asilimia 4 tu. Lengo lisilofuatiliwa hubaki kwenye makaratasi.

Kwa hiyo taarifa za miradi zibadilishe kipimo. Idadi ya wasichana waliodahiliwa na waliohitimu inaeleza kazi ya chuo. Kazi ya soko inaelezwa na maswali mengine: miaka miwili baada ya cheti, wangapi bado wanaishi kwa fani waliyosomea, wangapi wameitwa tena na mteja yuleyule, na wangapi wameanza kupokea wanagenzi wao wenyewe? Swali la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa kuwa fundi wa kike mwenye mwanagenzi hahitaji tena ruzuku ya kumshawishi mtu ampokee binti.