Sumaku iliyo chini ya ngozi

Muulize mzazi wa mtoto mwenye kipandikizi cha kusikia anaogopa nini zaidi, atakwambia: kisipotee. Ana haki, maana kile kimashine kinachokaa nyuma ya sikio ni ghali kuliko pikipiki. Hata hivyo, kikiharibika hubadilishwa bila mtoto kuguswa na kisu. Cha kuhofia zaidi ni kisichoonekana: kipokezi kilichofukiwa chini ya ngozi ya kichwa, chenye sumaku, na waya mwembamba unaoingia hadi kwenye koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringisha kama konokono.

Wengi hudhani ukishavua kimashine umemaliza. Kwenye kipimo cha MRI hujamaliza. Mashine ile inaweza kuivuta sumaku ya ndani ikahama mahali pake, kwa maumivu makali. Baadhi ya vipandikizi vipya huruhusu kipimo hicho kwa masharti. Vingine hudai sumaku itolewe kwanza kwa upasuaji mdogo. Jibu liko kwenye modeli, kwa hiyo kadi ya kipandikizi aliyopewa mgonjwa isifungiwe kabatini. Eksirei na CT skani hazina tatizo hilo.

Daktari wa upasuaji naye aambiwe mapema. Kisu cha umeme cha ncha moja kikitumika kichwani au shingoni, mkondo wake unaweza kupita kwenye waya na kuunguza koklea. Asiachiwe agundue mwenyewe, kwani nywele zikishaota kovu halionekani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji wa kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017, lakini usiku wa dharura mtoto anaweza kufikishwa kwenye kituo ambacho hakuna aliyewahi kukiona kifaa hiki.

Halafu kuna homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2002 mamlaka za afya za Marekani na Ulaya zilitoa tahadhari baada ya ugonjwa huo kuonekana kwa watu waliopandikizwa, na aina moja ya kifaa ikaondolewa sokoni. Hatari ni ndogo, ila ipo, kwa sababu bakteria wa sikio la kati wanaweza kupata njia ya kuingia ndani. Watoto wa Tanzania hupata chanjo ya PCV, dhidi ya baadhi ya bakteria hao, kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14; aliyepandikizwa kwa kawaida huhitaji chanjo ya ziada akishatimiza miaka 2. Mtu mzima pia aulizie zake. Sikio likiuma, mafuta ya vuguvugu ya bibi yakae jikoni. Homa ikija na shingo kukakamaa au kutapika, nendeni hospitali muda huohuo, usiku au mchana.

Kimashine chenyewe adui yake ni jasho na unyevu, hasa kwetu pwani; usiku kilale kwenye kikopo chenye vidonge vya kukaushia. Betri zake ndogo zifichwe, nzima na zilizokwisha: mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa chache. Msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Na mkienda baharini, kimashine kikishavuliwa mtoto hasikii kitu. Kumwita kutoka ufukweni ni kazi bure. Awepo mtu mzima majini, wa kumfikia kwa mkono.