Umelipia ‘maisha’: yako au ya kisanduku?

Nilipohamishiwa Arusha kutoka Nairobi kuripoti habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, nilifungasha king’amuzi changu pamoja na vyombo vya jikoni. Nilikuwa nimekilipia mwaka mzima, na ilikuwa imebaki miezi saba. Kilipogoma kuwaka, nilipeleka namba ya kadi kwa wakala wa mtaani.

“Pole, dada,” kijana wa dukani aliniambia. “Hiki ni cha Kenya. Hapa itabidi ununue kingine, ulipie upya.”

“Na miezi yangu saba?”

“Imo humo humo, ndani ya hicho hicho.”

Nilitoka dukani nikijiuliza: kumbe niliyelipiwa ni mimi, au ni kisanduku?

Swali hilo si geni. Walioliuliza kwa uchungu kuliko wengi ni wateja wa TiVo, kinasa vipindi cha Kimarekani, ambao hawakulipia mwaka mmoja tu. Walilipia “maisha”.

TiVo ilianzishwa California mwaka 1997 na Jim Barton na Mike Ramsay, na vinasa vyake vikaingia sokoni mwaka 1999. Badala ya mkanda wa video, vilihifadhi vipindi kwenye diski kama ya kompyuta. Mtazamaji aliweza kusimamisha matangazo ya moja kwa moja, akafungue mlango, kisha aendelee pale alipoishia. Ukikitajia jina la tamthilia, kilinasa kila sehemu yake, hata saa ya kurushwa ikibadilika.

Akili hiyo ilitegemea ratiba ya vipindi ambayo kisanduku kiliivuta kutoka kwa kampuni, mwanzoni kupitia laini ya simu ya nyumbani. Ratiba hiyo ndiyo iliyolipiwa: dola 9.95 kila mwezi, au dola 199 mara moja tu, kwa maisha.

Kwa hesabu ya kawaida, dola 199 zilirudi baada ya miezi 20. Aliyetumia kisanduku chake miaka sita au saba alitazama kwa muda mrefu bila kulipa tena. Wengi walipata faida, na haitakuwa haki kusema walitapeliwa.

Tatizo lilikuwa kwenye neno. Kwa mujibu wa mkataba, maisha yaliyolipiwa yalikuwa ya kifaa, si ya mteja.

Kila kisanduku kilikuwa na namba yake ya huduma, iliyofungamana na ubao mkuu ulio ndani. Diski ikifa, mwenye ujuzi aliweka nyingine kubwa zaidi na malipo yakabaki palepale. Kisanduku kikiharibika ndani ya muda wa waranti, malipo yalihamia kwenye kile cha badala. Lakini aliyetaka tu kununua toleo jipya alianza upya, hata kama lile la zamani lilikuwa bado jipya machoni. Kwa sababu hiyo kisanduku chakavu chenye huduma ya maisha kiliuzwa mkononi kwa bei nzuri: mnunuzi alinunua malipo ya mwenzake, si chuma.

Mlango wa kuhamisha ulifunguliwa kwa nadra. Mwaka 2006 kampuni iliacha kwa muda kuuza huduma ya maisha. Miezi michache baadaye ilipotoa toleo la Series3, lililouzwa karibu dola 800, iliwaruhusu wateja wa zamani kuhamishia malipo yao humo kwa kipindi maalumu, kwa ada ya takriban dola 200. Yaani ada ya kuhama ililingana na ile ambayo wateja wa mwanzo walilipa kununua maisha yenyewe.

Uingereza kisa kilikuwa kichungu zaidi. TiVo iliingia huko mwaka 2000, na huduma ya maisha ikauzwa pauni 199. Mauzo yalikoma baada ya miaka michache, lakini ratiba iliendelea kutumwa hadi Juni 1, 2011, ilipokatwa. Visanduku vilikuwa bado vizima, na wenyewe walikuwa hai. Kilichokufa ni huduma. Marekani nako, vinasa vya kizazi cha kwanza vilikatiwa ratiba Septemba 2016. Mwaka 2025 kampuni iliacha kabisa kuuza vinasa.

Kwa hiyo “maisha” yalikuwa na wenyewe watatu: mteja, kifaa na kampuni. Yeyote aliyetangulia kuondoka aliyahitimisha.

Kwetu, tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia Desemba 2012, na Kenya ikamilishe mwaka 2015, king’amuzi kimekuwa chombo cha nyumbani kama jiko. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inampa raia wa Jumuiya nafasi ya kuvuka mpaka na kufanya kazi upande wa pili. Malipo yake ya televisheni hayavuki naye. Sababu moja inaeleweka: haki za kurusha mpira na filamu huuzwa nchi kwa nchi. Lakini hiyo haielezi kwa nini salio la miezi ambayo mteja hakuitumia lisihesabiwe kwenye kisanduku kipya.

Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya mwaka 2006 inagusa pia maslahi ya mlaji, na mamlaka inayoisimamia iko hapa hapa Arusha. Suala la malipo ya kabla yanayokwama mpakani lingefaa kufika mezani kwake.

Wakati huo ukisubiriwa, mnunuzi ana maswali ya kuuliza kabla ya kufungua pochi, na majibu ayapate kwa maandishi. Malipo yameandikwa kwa jina langu au kwa namba ya kifaa? Kifaa kikiungua au kuibwa, yanahama? Kuhamisha ni bure au kuna ada? Nikivuka mpaka, salio linarudishwa? Na kampuni ikifunga huduma, napata nini? Muuzaji anayeahidi “maisha” bila kujibu hayo anauza neno tu.

Mimi Arusha nilinunua king’amuzi kingine, na sasa nalipa mwezi kwa mwezi. Kile cha zamani nilikirudisha Nairobi kwa basi, kwa dada yangu. Kilipounganishwa kiliwaka papo hapo, na miezi yangu saba wanawe waliimaliza kwa katuni.