Kilomita za barabara kuu si kilomita za Jogoo Road

Watu wetu wengi wa Pwani wanaofanya kazi Nairobi siku hizi wanaishi Eastlands. Wako Buruburu, Umoja, Donholm na Komarock, na wengine wako Pumwani Majengo tangu enzi za babu zao. Wengi wamejaaliwa magari, na magari hayo sisi ndio tuliotangulia kuyaona yakishuka Kilindini: Probox, Fielder, Vitz, Demio. Mimi nami naishi huku Umoja, na kwenye gereji za kando ya barabara nakuta kila mara injini zilizofunguliwa kabla ya wakati wake. Muulize fundi sababu, na mara nyingi atakujibu neno moja tu: oili.

Na si kwamba wenyewe hawabadilishi oili. Wanabadilisha, ila hesabu yao ndiyo yenye kasoro. Fundi akimaliza sevisi huandika kwenye kadi kwamba urudi baada ya kilomita 5,000, na mwenye gari hutulia akingojea mita ifike. Sasa tufanye hesabu pamoja. Gari linalotoka Mombasa kuja Nairobi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa litamaliza kilomita 5,000 baada ya saa 62 hivi za injini kufanya kazi. Gari linalotoka Donholm kila asubuhi kupitia Jogoo Road hadi City Stadium, tuseme linakwenda kilomita 15 kwa saa kwa sababu ya msongamano, litahitaji zaidi ya saa 330. Mita inaonyesha kitu kimoja, lakini oili ya gari la pili imepikwa mara tano zaidi. Injini haijui umefika wapi. Inajua imewaka muda gani.

Wajapani wenyewe walilijua hilo. Magari ya petroli yasiyo na turbo, Toyota huko Japani husema oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini kwa gari linalotumika katika hali ngumu muda huo hukatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Hali ngumu ni nini? Barabara mbovu, safari fupi fupi, na mwendo wa kusimamasimama. Ni kama wameandika wakiwa wamekaa Umoja! Kitabu hicho mara nyingi kimo garini, kwenye kijisanduku cha mbele, lakini kimeandikwa Kijapani na hakuna anayekigusa.

Oili hufa vipi? Kila petroli inapoungua, masizi kidogo, mvuke wa maji na petroli isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kuteremka kwenye oili. Safari ikiwa ndefu, injini hupata moto wa kutosha na yale maji hukauka. Ukimpeleka mtoto shule hapo Buruburu kisha ukazima gari, maji yanabaki. Joto nalo huichosha oili, na zile dawa zilizotiwa ndani yake za kusafisha na kuzuia kutu huisha. Mwisho wake ni tope jeusi linaloziba vijia ambamo oili hupita kwenda kwenye beringi. Hapo chuma hukutana na chuma, na ndipo gari hunoki.

Kuna wanaoongeza tu oili ikipungua wakadhani wamebadilisha. Ni sawa na kuongeza maji safi kwenye karai la maji ya kufulia. Filta pia ni ile ile ya zamani, imejaa uchafu. Na rangi isikubabaishe: oili njema nayo huwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi yake ya kuosha. Tazama tarehe, si rangi.

Kijana mmoja wa kwetu, nyumbani kwao Likoni, aliendesha Probox ya mkopo kwa kazi ya teksi, mchana na usiku. Taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika linalodondosha tone, iliwaka akiwa na abiria. Akasema atafika tu, ni karibu. Taa ile haisemi oili imezeeka. Inasema msukumo wa oili umekatika, na dawa yake ni kuzima injini pale pale. Injini ilikufa njiani, na mkopo ukaendelea kudai kila mwezi gari likiwa juu ya mawe. Kwa bei za maduka ya Kirinyaga Road, pale tunapopaita Grogan, lita nne za oili na filta haifiki sehemu ya kumi ya bei ya injini ya mtumba.

Juu ya mkebe utaona namba kama 5W-30. Ya kwanza ni ya wepesi wa oili wakati wa baridi, ya pili ni ya uzito wake ikiwa imepata moto. Fuata namba ambayo gari lako limeandikiwa. Mazoea ya kutia oili nzito ya 20W-50 kila gari la zamani siyapendi. Asubuhi ya Julai ya Nairobi oili hiyo huchelewa kufika juu ya injini. Nunua penye risiti, mkebe ufunguliwe mbele yako, kwa sababu oili bandia ipo.

Halafu muulize fundi ile oili nzee anaipeleka wapi. Gereji nyingine wanaiweka kwenye pipa na kuna wanaokuja kuinunua, wengine huipaka mbao kuzuia mchwa. Nyingine wanaimwaga mtaroni tu. Mitaro ya Eastlands huingia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, Athi mbele huitwa Galana, na Galana ndiyo Sabaki yetu, inayomwaga maji yake baharini kati ya Malindi na Mambrui.